Babu alitokea wapi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuhifadhi hadithi za familia zilizohamia Tanga

Haya ni maswali ninayoulizwa na watu wa Tanga mjini, Muheza, Pangani, Korogwe, na wengine wetu walioko Dar, Muscat, Toronto. Wote shida yao moja, wanataka kuweka habari za wazee wao waliokuja huku kutoka mbali kabla hazijazikwa nao. Nimejibu kama tunavyoongea barazani. Soma linalokuhusu, mengine ruka.

Sisi ni watu wa Tanga tu, hatujahamia kutoka popote. Hili linatuhusu kweli?

Linawahusu. Chukua mtaa mmoja tu wa Ngamiani uhesabu nyumba. Hii ya Washihiri, mzee wao alishuka na jahazi kutoka Hadhramaut akaanza na birika la kahawa na vikombe viwili vitatu, inayofuata Wanyamwezi, inayofuata Wangazija, mbele kidogo Mabohora, nyuma ya hapo Wamakonde, halafu kuna Wapemba waliokuja kupiga dago, yaani kambi ya uvuvi, wakaoa hapahapa na leo wajukuu zao hawajawahi hata kufika Pemba. Wadigo wenyewe ambao ndo wenye mji, nusu ya ukoo iko Vanga na Kwale, upande wa Kenya.

Na sababu inajulikana. Reli ilianza kujengwa hapa Tanga 1893 na ikafika Moshi 1911, mkonge nao ukaletwa miaka hiyohiyo ya 1890, na vyote viwili vilitaka watu wengi kuliko waliokuwepo. Watu wakatafutwa Unyamwezi, Uha, Ubena, Songea, Burundi, Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda kabisa ofisi ya kuandikisha manamba, yaani vibarua wa mkataba, ikaitwa SILABU (Sisal Labour Bureau), na ukikaa na wazee wa kambi za mkonge mpaka leo utasikia wakiitaja kama vile ilifungwa jana. Kufika 1964 nchi ilikuwa inatoa zaidi ya tani 230,000 za mkonge kwa mwaka na sehemu kubwa ya huo mkonge ilikatwa na watu walioacha kwao. Hata Shaaban Robert tunayejivunia wote, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, ukoo wake ni wa Kiyao. Kwa hiyo kabla hujasema nyie hamkutoka popote, muulize kwanza bibi yako mama yake alizaliwa wapi.

Nianzie kwa nani? Kila mtu ananiambia nimtafute mzee wa ukoo.

Mzee wa ukoo utamfikia, ila mi nakushauri usianzie kwake. Anza na upande uliompokea mgeni.

Ngoja nieleze. Wengi waliokuja Tanga walikuja wanaume peke yao. Mshihiri alikuja bila mke, manamba alikuja na kipande chake, ile kadi ya kazi, na blanketi, baharia alibaki hapa msimu ulipogeuka. Wakaoa huku. Sasa mtu akihamia mahali yeye mwenyewe hasemi mengi, ana aibu, ana machungu, pengine aliacha mke wa kwanza huko. Anayeyajua ni yule aliyemkaribisha, mkewe, mama mkwe, mashemeji, mwenye nyumba aliyempangisha chumba cha uani. Hao ndo walimuona anavyoshangaa papa na nguru, anavyokosea kuamkia watu, anavyolia siku barua ilipofika. Walimchunguza kwa sababu walikuwa wanampa binti yao!

Mzee wa upande wa baba atakupa shajara, fulani bin fulani bin fulani mpaka Yemen, na hiyo ni mali, iandike. Lakini ukitaka kujua babu alikuwa mtu wa namna gani nenda kwa wajukuu wa shemeji yake. Mimi upande wa baba yangu ni Washihiri waliochanganyika na Wadigo, na karibu kila kitu nilichonacho kuhusu babu wa babu nimekipata kwa Wadigo.

Bibi hataki kuongea. Kila nikimuuliza ananijibu "yaliyopita si ndwele".

Mwache, usimkabe. Mara nyingi sababu ni jinsi unavyomwendea, umekuja na simu umemwekea usoni, umekaa kwenye kiti kama mtu wa sensa, afu unamwambia "bibi nieleze historia yetu". Hapo hata mimi ningenyamaza.

Nenda akiwa na kazi mikononi. Kuna bibi mmoja jirani yetu Makorora watoto wake walishaniambia haongei kabisa habari za kwao, mi nikamkuta anachagua mchele kwenye ungo, nikamwamkia nikakaa chini nikaanza kuchagua naye. Hatukuongea kitu. Baadaye akatoa kijiwe kimoja akakishika akasema "mchele wa kambini ulikuwa na hivi, tukila tunatema", na kutoka hapo ilikuwa kama bomba limefunguliwa, mpaka adhana ya alasiri bado yuko kwenye habari za posho ya Jumamosi na nyapara mmoja waliyekuwa wanamwogopa. Mikono ikiwa na kazi mdomo hauoni haya.

Na kama hataki kabisa, heshimu. Kuna vitu mtu ana haki ya kuondoka navyo.

Nikipata nafasi nimuulize nini hasa?

Maswali madogo yenye kitu cha kushika. Haya ndo yanayonipa majibu kila mara:

Siku ya kwanza kufika alilala wapi? Alikuja na nini mkononi? Nani alimfundisha Kiswahili? Alikuwa anatuma nini kwao, na kwa mkono wa nani? Jina lake la huko lilikuwa lipi? Nani hakuipenda ile ndoa? Chakula gani alikikataa mpaka anakufa?

Na moja ambalo nalipenda kuliko yote, kwa nini hakurudi? Kila mgeni alisema atarudi. Ukipata sababu ya kutorudi umeipata familia yenu nzima, maana nyie wote mmetokea hapo.

Usiulize maswali mawili kwa mpigo na akinyamaza usimjazie maneno. Hesabu kimoyomoyo mpaka kumi, kimya cha mzee mara nyingi anatafuta jina.

Wazee hawajui miaka. Nitapangaje habari zao?

Kwa matukio. Mtu anaweza asijue alizaliwa lini lakini anajua mama yake alikuwa na mimba yake wakati gani. Kwa Tanga vigingi vya kufungia ni hivi: vita vya Wajerumani na Waingereza hapa mjini vilikuwa Novemba 1914, vile vya nyuki waliowavamia askari, wazee wa zamani walivisimulia sana. Rupia iliondoka mwanzoni mwa miaka ya 1920, kwa hiyo akikwambia mahari ililipwa rupia ushajua ni kabla ya hapo au palepale. Uhuru 9 Desemba 1961. Mapinduzi ya Zanzibar 12 Januari 1964, familia nyingi za Unguja na Pemba zina habari ya kuvuka kuja huku. Azimio la Arusha Februari 1967, na mashamba mengi ya mkonge yakachukuliwa na serikali mwaka huo. Nyumba za kupangisha zilitaifishwa 1971, na hapo ndo Wahindi wengi wa Tanga walipoanza kwenda Uingereza na Kanada. Vijiji vya ujamaa 1974, vita vya Kagera 1978 na 1979, na msako wa wahujumu uchumi 1983, ambao watu wengi wa madukani wanaukumbuka kwa uchungu.

Uliza hivi: "wakati wa Uhuru ulikuwa umeshaolewa?" Halafu andika alivyosema na makadirio yako pembeni, usifute maneno yake ukaweka mwaka.

Nina hadithi mbili zinazogongana. Ami anasema babu alikuja kufanya biashara, shangazi anasema alikimbia deni. Nichukue ipi?

Zote mbili. Andika ami kasema hivi, shangazi kasema hivi, na kila mmoja aliipata kwa nani. Usikae kama hakimu. Mara nyingi zote zina ukweli, mtu anaweza kukimbia deni na akaja kufanya biashara. Na kule kugongana kwenyewe kunakwambia kitu, mbele ya nani hiyo habari ilikuwa inafichwa.

Nachowaomba msikae kikao cha ukoo mkapiga kura ipi ni "rasmi". Nimeona familia ikifanya hivyo, toleo lililoshindwa halikusimuliwa tena na yule shangazi hakuongea tena.

Kwa nini vijana hawajui hata jina la baba wa babu?

Sababu moja iko kwenye fomu zetu. Hapa kwetu mtu anajaza majina matatu, lake, la baba, la babu. Kila kizazi kikija jina moja la nyuma linadondoka, na huyo anayedondoka ndo mara nyingi yule aliyesafiri. Hesabu mwenyewe, kama aliyekuja ni baba wa babu yako basi wewe ndo wa kwanza ambaye cheti chako cha kuzaliwa hakina jina la huyo mgeni. Washihiri na baadhi ya Wahindi wana jina la ukoo linalowaokoa. Wayao, Wanyamwezi, Wamakonde waliosilimu au kubatizwa huku, wengi walichukua jina jipya na la kwao likabaki la kuitwa na bibi tu jikoni. Liulize hilo, liandike kwanza kabla ya yote.

Kuna mtu anaitwa mtani wetu, anakuja misibani kutuvuruga. Naye nimhoji?

Huyo ni hazina! Utani wa Wanyamwezi na makabila ya huku pwani ulikomaa kwenye njia za misafara, watu walipeana nafasi ya kutukanana bila ugomvi ili waweze kupita kwenye nchi za watu na kuzikana ugenini. Mtu akifia mbali na kwao mtani ndo anashika kazi. Kwa hiyo familia ya mtani inajua mlivyokuwa mnazika, mlikuwa na ubahili gani, nani alikuja bila viatu, na anaruhusiwa kuyasema hadharani, vitu ambavyo ndugu yako hawezi kuvitamka. Msiba ukiisha mfuate kwake na sukari kilo moja, umwambie arudie yale aliyoyasema pale uani taratibu.

Tena siku hizi vijana wanaona utani misibani ni ushamba, wanawafukuza watani. Jamani acheni, mnafukuza kumbukumbu zenu.

Kwetu kuna habari ya utumwa. Wakubwa wanasema isiguswe.

Hili nalijibu kwa uangalifu kwa sababu linaumiza watu walio hai. Zanzibar hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria 1897, huku Tanganyika ni 1922. Yaani siyo mbali. Mzee wa miaka tisini leo bibi yake anaweza kuwa alizaliwa ndani ya hali ile, na amelelewa na mtu huyo, amekula mkononi mwake. Pwani hii kuna nyumba ambazo upande mmoja ni wa waliomiliki na upande mwingine ni wa waliomilikiwa, na wote wanakaa sahani moja siku ya Idi.

Ninavyofanya mimi: habari ya ukoo wangu naiandika yote, pande zote mbili, maana yule bibi alichukuliwa kwao na ana haki ya kutajwa na kwao kutajwa. Habari ya ukoo wa mwingine siigusi bila ruhusa yake na siitupi kwenye grupu kamwe. Msimuliaji akisema "hii usirekodi" zima simu mbele yake aione imezimwa. Akisema iandike lakini isitoke mpaka nife, iandike hivyo juu ya karatasi na iheshimiwe. Na kama kuna mtu nyumbani bado anatumia asili ya mwenzake kumnyima mke au urithi, huyo ndo wa kuonewa aibu.

Nikiandika kwamba babu alitoka Msumbiji au Burundi sitajitafutia matatizo ya uraia?

Hofu hii naielewa, watu wa kambi za mkonge wanayo sana na wengine wamewaficha watoto wao kabila kwa miaka yote. Daftari la familia siyo fomu ya serikali, hulazimiki kulipeleka popote. Weka nyumbani. Usiposti mtandaoni majina kamili, tarehe za kuzaliwa na namba za vitambulisho, hata kwa sababu ya matapeli tu acha, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, taarifa za mtu mwingine si za kuchezea. Kama kuna kesi au maombi ya uraia yanayoendelea muone wakili kwanza. Lakini kunyamaza kabisa mpaka mtoto asijue babu yake alikuwa Mmakua, hapana, hilo linawanyima watoto bila kumlinda mtu.

Narekodije kwa simu ya kawaida?

Simu yoyote yenye rekoda inatosha. Weka airplane mode ili mtu asipige katikati. Zima feni, najua joto la Tanga, lakini feni inaua sauti kuliko kitu chochote, bora mkae barazani asubuhi mapema kabla bodaboda hazijachangamka. Simu iwe karibu na mdomo wa mzee kuliko wa kwako, iweke juu ya kanga iliyokunjwa isipokee mgongano wa meza. Jogoo na adhana viache, siku moja mtavipenda.

Mwanzoni sema mwenyewe: leo tarehe fulani, tuko mahali fulani, naongea na fulani, na yeye aseme kwa mdomo wake kwamba amekubali. Saa moja ya mp3 ya kawaida ni kama MB 58 hivi, ndogo tu. Ukiweza kurekodi kwa WAV ni nzuri zaidi ila inakula nafasi, zaidi ya MB 300 kwa saa. Video siyo lazima, wazee wengi wakiona kamera wanakaa sawasawa kama wako studio na maneno yanakauka.

Tuna picha za zamani na makaratasi kwenye sanduku. Tuyafanyeje?

Kwanza msipeleke karatasi halisi kufanyiwa lamineshini. Pale steshonari watakwambia ndo itadumu, haidumu, ule moto na plastiki vinaiharibu na haibanduki tena. Selotepu nayo hapana, inageuka njano na kula karatasi.

Adui wetu hapa ni unyevu wa bahari, kisha mchwa na wale wadudu wa fedhafedha. Toa vitu kwenye mifuko ya plastiki, weka kwenye bahasha za karatasi, bahasha ndani ya boksi, boksi juu ya kabati na siyo chini ya kitanda wala kwenye ukuta unaotoa chumvi. Vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu msivitupe, weka viwili vitatu humo. Nyuma ya picha andika kwa penseli laini, taratibu, pembeni, nani na nani kutoka kushoto. Kalamu ya wino inapenya.

Kuskani nenda na karatasi yako mwenyewe usiiache dukani, mwambie 600 dpi kwa picha ndogo. Ukipiga kwa simu piga mchana kivulini bila flashi. Ukituma WhatsApp tuma kama document, siyo kama picha, vinginevyo inabanwa na sura za watu zinapotea. Na geuza nyuma! Muhuri wa studio, mwandiko, bei, vyote piga.

Kipande cha mkonge, risiti ya kodi ya kichwa, kitabu cha posta, pasipoti ya Mwingereza, cheti cha ndoa cha kadhi, kitu chochote chenye muhuri kina tarehe. Usidharau.

Kuna barua za hati za Kiarabu hakuna anayezisoma. Na daftari la duka la Kigujarati.

Barua nyingi za hati za Kiarabu hapa pwani ni Kiswahili tupu, kimeandikwa tu kwa herufi zile. Mtafute maalim wa madrasa mtu mzima, siyo kijana, maana mwandiko wa zamani wa Kiswahili una mazoea yake. Msome pamoja yeye anasoma kwa sauti wewe unarekodi. Tarehe ikiwa ya Hijria iache ilivyo kisha weka ya kawaida pembeni. Daftari la Kigujarati waulize wazee wa jamaa zenye asili ya Gujarat na Kutch hapa mjini, na mtashangaa, mle ndani kuna majina ya watu weusi waliokopa unga na kaniki, yaani daftari la Mhindi linaweza kuwa ndo sehemu pekee jina la babu yako Mnyamwezi liliandikwa akiwa hai.

Kaseti je?

Haraka, kabla hazijaota ukungu zaidi. Tafuta deki inayofanya kazi, waya wa kawaida wa tundu la hedifoni kwenda kwenye kompyuta, rekodi upande mzima bila kukata. Kabla ya kucheza izungushe mbele na nyuma kwa mkono kidogo. Kaseti ikiwa na ukungu mweupe usiicheze, itachafua deki na nyingine zote. Familia zilizokuwa na watu Arabuni zilikuwa zinatumiana barua za kaseti, mtu anaongea dakika sitini za upande na upande, usikute umezirekodia juu taarab. Na taarab yenyewe isikilizeni, Tanga ndo mji wa vikundi vya Black Star na Lucky Star, na ile bendi ya dansi ya Jamhuri Jazz tunayoicheza harusini zamani ilijiita Young Nyamwezi, vijana wa watu waliokuja. Muziki wa mji huu nao ni ushahidi.

Nawezaje kuandika mapishi ya bibi? Yeye anapima kwa macho.

Pika naye, na kila anachochota kabla hajakitia wewe kitie kwanza kwenye kikombe kimoja hichohicho, uandike. Atakasirika kidogo, vumilia. Boko boko kwa mfano, mapishi yatakwambia ngano, nyama, chumvi, samli. Hayakwambii kwamba anaipiga kwa mwiko mpaka ukiinua inavutika na kukatika polepole, na kwamba anasikiliza ule mlio wa sufuria ukibadilika ndo anajua imeiva. Hicho kirekodi kwa video, mikono tu.

Na uliza nani alibadilisha. Chakula cha mgeni kikiingia jikoni kwa mke wa Kidigo au Kibondei hakibaki kilivyokuwa, nazi itaingia tu. Jina la yule mwanamke wa kwanza aliyetia nazi liandikwe juu ya hayo mapishi.

Hapohapo uliza na kanga. Kisutu cha harusi yake kiko wapi, kanga gani alipewa na wifi na maneno yake yalisemaje, na je lilikuwa dongo. Nusu ya ugomvi wa ukoo imeandikwa kwenye kanga.

Watoto hawajui lugha ya kwao. Kuna faida gani ya kuhangaika?

Nendeni mkawaone Wazigua wa Chogo, Handeni, mkoa wetu huuhuu. Wazee wao walitolewa pwani hii karne ya 19 wakapelekwa Somalia kama watumwa, wakatoroka wakajenga vijiji kwenye mto Juba, wakaishi huko vizazi na vizazi. Kizigua hawakukiacha. Vita vya Somalia vilipoanza 1991 baadhi yao wakakimbilia huku, na walipofika Handeni waliongea na Wazigua wenzao wakaelewana. Wengi wao baadaye walipewa uraia wa Tanzania. Hakuna karatasi iliyowarudisha, ni lugha na hadithi za bibi zao.

Sisemi mtoto wa Makorora aongee Kimakonde au Kikachi, lugha ya watu wa Kutch, vizuri, hiyo ngumu. Chukua vile vipande vinavyoishi, salamu, bembelezo, matusi ya mapenzi, maneno ya kuomba dua, majina ya undugu, jinsi ya kuhesabu. Rekodi anayevijua vizuri akisema polepole.

Baadhi ya mila za wazee dini inakataza. Tuzihifadhi au tuziache?

Kuandika siyo kutenda. Mzee aliyekuwa anapeleka chetezo mzimuni alikuwa na sababu zake, andika alifanya nini na kwa nini, bila kumsuta na bila kumsifia. Kama ni mambo ya unyago au jando yaache kwa wanaohusika, yana wenyewe na siri zake siyo za grupu.

Kuna nyaraka za serikali zinazoweza kusaidia?

Zipo. Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, wana mafaili ya Wajerumani, yale UNESCO iliyaingiza kwenye orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997, na ya Waingereza pia, pamoja na vitabu vya wilaya ambavyo mabwana shauri waliandika habari za makabila na machifu. Ya Kijerumani yanataka mtu anayejua mwandiko wa zamani. Kwa wenye asili ya Unguja, Pemba na Arabuni, Nyaraka za Taifa Zanzibar wana hati nyingi za Kiarabu. Hapa mjini kuna makumbusho ya Urithi Tanga kwenye boma la zamani la Mjerumani, picha zao za mji zinasaidia sana kumfungua mzee, mpeleke aone. Wakristo waulizie vitabu vya ubatizo parokiani, na kama ukoo ulipitia Bagamoyo misheni ya pale ipo tangu 1868. Ila nenda ukiwa tayari na jina na mahali, usiende kuuliza "mna habari za babu yangu?"

Wazee wote wamekufa. Nimechelewa?

Habari za mdomo wao umezikosa, za waliowaona bado. Tafuta waliocheza na baba yako utotoni, jirani wa ukuta mmoja, mke aliyeachwa, kijana wa dukani ambaye leo naye ni mzee. Watu waliohama Tanga wanakumbuka mtaa ulivyokuwa siku walipoondoka kuliko sisi tuliobaki, kwa hiyo yule jirani Muhindi aliyeko Leicester mpigie video call, mwambie "nitembeze barabara yetu nyumba kwa nyumba".

Nimeshakusanya. Sasa niweke wapi, niandike kitabu?

Kitabu baadaye, au kisiwepo. Cha kwanza ni nakala tatu: moja kwenye simu au kompyuta, moja kwenye flashi au diski inayokaa nyumba nyingine, moja mtandaoni, Google Drive ya bure ni GB 15 na sauti za miaka zinaingia humo. Nywila wawe nayo watu wawili. Jina la faili lianze na mwaka, mwezi, siku, kisha jina la msimuliaji na mahali, mambo ya "rekodi mpya 7" yatawaumiza. Flashi ifungueni kila mwaka, labda mwezi wa Ramadhani au Krismasi mkiwa pamoja, muone kama bado inasoma.

Kisha andika ukurasa mmoja tu kwa kila rekodi, nani anaongea, anataja nani, dakika ya ngapi kuna nini. Bila hiyo hakuna atakayesikiliza saa tatu za sauti. Na nakala ya kwanza kabisa apewe aliyesimulia au wanawe, hata kama hawana kompyuta wawekee kwenye memori kadi ya simu ya mtoto, ndo uende kwenye grupu la ukoo. Wakitaka kitu kiondolewe kiondoe kabla hakijasambaa.

Gharama ni flashi, nauli ya daladala na sukari ya kumpelekea mzee. Mkichanga wa ukoo mmoja haifiki hata ya michango ya sendoff.